Miezi mitatu, sita au kumi na miwili: kuchagua ratiba ya kujiandaa na MCAT

Kijana anayeishi Marekani au Kanada na anayetaka kusomea udaktari huko hachukui muda mrefu kabla ya kukutana na MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari unaosimamiwa na AAMC, jumuiya ya vyuo hivyo vya Marekani. Wengi huanza kwa kuulizia vitabu, kozi na programu za simu. Mambo hayo yana nafasi yake, lakini linaloamua zaidi ni ratiba: utajiandaa kwa muda gani, katika saa zipi za wiki, na mtihani utaufanya mwezi gani. Katika ulinganisho huu nawafikiria hasa wasomaji wa Kiswahili ambao Kiingereza ni lugha yao ya pili au ya tatu, wanaosoma huku wakifanya kazi, na ambao wana watu wanaowategemea hapo walipo na huko nyumbani walikotoka.

Ratiba zinazotumika sana ni tatu. Ya kwanza ni ya miezi mitatu, ambapo mtu husoma takribani saa 30 kwa wiki kwa muda wa wiki 12. Ya pili ni ya miezi sita, yenye saa 15 kwa wiki kwa wiki 24. Ya tatu ni ya mwaka, yenye saa saba na nusu kwa wiki kwa wiki 48. Ukizidisha utaona kwamba zote zinafikia saa 360, kiasi kinachozidi kidogo saa 300 hadi 350 ambazo wanaofundisha mtihani huu hupenda kuzitaja. Wingi wa kusoma ni uleule. Kinachotofautiana ni namna saa hizo zinavyogawanywa, na mgawanyo huo una athari kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Mtihani wenyewe unadai nini

MCAT ina maswali 230 katika sehemu nne. Sehemu tatu ni za sayansi, na kila moja ina maswali 59 kwa dakika 95: kemia na fizikia zinavyohusiana na viumbe hai, biolojia na bayokemia, kisha saikolojia na sosholojia. Sehemu ya nne ni ya kusoma na kuchambua hoja, ambayo watahiniwa huiita CARS, nayo ina maswali 53 kwa dakika 90. Kila sehemu hutolewa alama kati ya 118 na 132, na jumla huwa kati ya 472 na 528. Katikati ya mizani hiyo ni karibu na 500, ilhali wastani wa wanaopokelewa katika vyuo vya M.D. (shahada ya udaktari wa tiba) vya Marekani uko karibu na 511. Kikokotoo hakiruhusiwi. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo hakuna swali la kuachwa wazi. Ukijumlisha mapumziko, siku ya mtihani huchukua takribani saa saba na nusu.

Mtahiniwa anaruhusiwa kuufanya mtihani mara tatu kwa mwaka mmoja, mara nne kwa miaka miwili inayofuatana na mara saba katika maisha yake yote, na vyuo huona matokeo yote. Ndiyo maana kwenda kuujaribu tu ili uone ulivyo ni jambo ninalolipinga kwa nguvu zote.

Vigezo ninavyotumia kulinganisha ratiba hizi ni sita: uhakika wa saa za kusoma, kusahau, CARS, mitihani kamili ya majaribio, dharura pamoja na gharama, na kalenda ya maombi ya chuo.

Saa ambazo ni zako kweli

Ratiba ya miezi mitatu inahitaji saa tano hadi sita kwa siku, siku tano au sita za wiki. Anayeweza kuzipata ni mwanafunzi aliye katika likizo ndefu ya kiangazi na asiye na kazi, au mwenye kazi ya saa chache sana. Faida yake kubwa ni kwamba akili inakaa sehemu moja: asubuhi unasoma mzunguko wa Krebs (hatua za seli kupata nishati), mchana unajibu maswali yake, na kesho yake bado umo humohumo. Kasoro yake ni kwamba uchovu huingia karibu na wiki ya saba, wakati ambapo mitihani ya majaribio ndiyo inaanza, na asiyejiwekea siku moja kamili ya kupumzika kila wiki hufika mwisho akiwa hana nguvu.

Ratiba ya miezi sita ndiyo inayowakuta watu wengi wa kwetu, kwa sababu inakubali kuishi pamoja na kazi. Mchukue msaidizi wa wauguzi anayefanya zamu tatu za usiku, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 1 asubuhi. Jumatatu anairudishia usingizi wake na hapaswi kujidanganya kwamba atasoma. Zinabaki Jumanne, Jumatano na Alhamisi, saa tano kila siku, na hapo saa zake 15 zimetimia. Ratiba hiyo inawezekana kabisa, ila haina nafasi ya kubadilishana zamu na mwenzake kila anapoombwa. Siku hizo tatu zikiguswa mara mbili kwa mwezi, miezi sita inakuwa zaidi ya saba.

Ratiba ya mwaka inadai saa moja tu na dakika chache kwa siku, kwa hiyo hata mzazi mwenye watoto wadogo anaweza kuipata alfajiri kabla ya nyumba kuamka. Udogo huo pia ndio udhaifu wake, kwa maana saa moja ni rahisi kuiahirisha, na asiyejiwekea wakati maalumu hugundua baada ya miezi minne kwamba amesoma sura tatu.

Kusahau

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kumbukumbu, akionyesha kwamba tunachojifunza hupotea kwa kasi mwanzoni, na kwamba kurudia kwa vipindi huzuia upotevu huo. Kwa MCAT, hili linagusa asidi amino 20 na sifa zake, kanuni za fizikia, homoni, na orodha ndefu ya istilahi za saikolojia na sosholojia.

Katika miezi mitatu, uliyosoma wiki ya kwanza bado yana uhai wiki ya kumi na mbili, na marudio mepesi yanatosha. Katika miezi sita unahitaji kadi za maswali, za karatasi au za programu kama Anki, ambazo hurudishwa kwako kwa vipindi. Katika mwaka mzima, kadi hizo hazina mbadala, na hapa hesabu inafaa kuangaliwa kwa makini: dakika 20 za kadi kila siku ni saa mbili na dakika 20 kwa wiki. Kwa mwenye saa 30, hiyo ni sehemu ndogo sana. Kwa mwenye saa saba na nusu, ni karibu theluthi ya muda wake wote. Anayechagua mwaka akubali tangu mwanzo kwamba theluthi moja ya jasho lake itakwenda kulinda alichokwisha kukipata.

CARS, sehemu isiyokubali haraka

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo ninapoona wanafunzi wetu wenye akili nzuri ya sayansi wakiumia bila sababu. CARS ina vifungu tisa kwa dakika 90, yaani dakika kumi kwa kila kifungu pamoja na maswali yake matano hadi saba. Vifungu vina maneno 500 hadi 600 hivi na vinatoka katika falsafa, historia, sanaa, siasa, maadili na taaluma kama hizo. Huhitaji kujua lolote kabla. Majibu yote yamo katika kifungu. Aliyepita mchepuo wa sayansi nyumbani, kwa mfano PCB (fizikia, kemia na biolojia), mara nyingi aliachana na usomaji wa insha ndefu akiwa bado mdogo, na Kiingereza chake kilikua ndani ya maabara, kwenye maelezo ya moja kwa moja yasiyo na hila.

Chukua kifungu cha mhakiki anayeandika kuhusu namna makumbusho yanavyoonyesha vyungu vya kale. Katika aya mbili za kwanza anaeleza kwa upole maoni ya watu asiokubaliana nao, hata msomaji akadhani ndiyo maoni yake. Aya ya tatu inaanza na neno moja dogo lenye maana ya “hata hivyo”, na kuanzia hapo anavunja yote aliyoyajenga. Anayesoma kwa kutafsiri kimoyomoyo hulipita neno hilo, kisha anakosa maswali manne mfululizo akiwa na hakika kabisa kwamba amepatia. Kosa kama hilo haliponywi na kitabu cha mbinu. Huponywa na kusoma vifungu vingi, kidogokidogo, hadi jicho lizoee kumtambua mwandishi anapogeuka.

Kwa mtazamo huo, mwaka una nguvu halisi: vifungu viwili kwa siku, siku tano za wiki, ni vifungu 480 kabla ya mtihani. Miezi sita kwa mwendo huohuo inatoa 240. Miezi mitatu, hata kwa vifungu vitatu kwa siku na siku sita za wiki, inatoa 216, na vyote vimesongamana katika kipindi ambacho bayokemia na fizikia nazo zinagombea akili ileile. Haimaanishi kwamba miezi mitatu haiwezi kutosha. Kwa mtu aliyekulia katika shule za Kiingereza na anayesoma makala ndefu kwa hiari yake, inatosha. Kwa wengine nashauri mazoezi ya CARS yatangulie miezi kadhaa kabla ya ratiba yenyewe, hata kama masomo mengine hayajaguswa. Vifungu vilivyotolewa na AAMC wenyewe vihifadhiwe kwa miezi miwili ya mwisho, maana ni vichache na hakuna vingine vinavyofanana navyo kikamilifu.

Mitihani kamili ya majaribio

Mtihani kamili wa majaribio hula siku nzima, na kuupitia vizuri hula siku nyingine. Wengi huifanya siku ya kwanza na kuikimbia ya pili, ilhali ya pili ndiyo yenye faida zaidi. Kila swali ulilokosa, na kila ulilopatia kwa kubahatisha, liandikwe katika daftari pamoja na sababu yake: sikuijua mada, niliijua lakini nikasoma swali vibaya, nilikosea hesabu, au muda uliniishia. Baada ya mitihani mitatu daftari hilo litakuambia ukweli kuliko rafiki yeyote. Anayekosa kwa sababu ya kusoma vibaya hana haja ya kurudia kitabu cha kemia, na anayekosa kwa hesabu anahitaji mazoezi ya kukadiria kwa kichwa, maana kikokotoo hakutakuwa nacho.

Ratiba ya miezi mitatu inapokea mitihani hii bila shida: mmoja kila wiki katika wiki tano za mwisho, na muda wa kuupitia upo. Ya miezi sita inaweza kubeba mmoja kila wiki mbili katika miezi miwili ya mwisho. Yule msaidizi wa wauguzi asiufanye Jumanne, wakati mwili wake bado unaamini kwamba usiku ni mchana. Aufanye Alhamisi, baada ya kulala usiku tatu mfululizo, na auanze saa 2 asubuhi, saa ambayo MCAT yenyewe huanza kwa kawaida. Kwa kuwa tarehe nyingi za mtihani huangukia Ijumaa au Jumamosi, aombe mapema ruhusa ya zamu za wikendi hiyo na ile iliyotangulia.

Ratiba ya mwaka ndiyo inayokwama hapa. Mtihani mmoja kamili ni saa saba na nusu, yaani wiki yake nzima, na hajaupitia bado. Asipoivunja kanuni yake mwenyewe katika miezi miwili ya mwisho, kwa kuchukua siku za likizo au kupunguza kazi, ataingia mtihanini akiwa amejifunza mengi bila kuwahi kukaa kitini siku nzima.

Dharura na gharama

Msiba ukitokea na wiki moja ikapotea, mwenye miezi mitatu amepoteza saa 30, mwenye miezi sita saa 15, na mwenye mwaka saa saba na nusu. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba mwaka hauwezi kupita bila mambo: Ramadhani, mitihani ya chuo, harusi ya ndugu, ugonjwa wa mtoto. Ratiba ndefu iandikwe pamoja na wiki tupu, angalau moja kila baada ya wiki sita, ambazo hazijapangiwa mada yoyote. Ukilazimika kuhamisha tarehe, fahamu kwamba ada ya kuhamisha hupanda kadiri siku inavyokaribia, na zikibaki chini ya siku kumi hakuna kuhamisha tena.

Kuhusu fedha, gharama kubwa ya miezi mitatu ni mshahara usioupata, gharama ambayo haionekani kwenye risiti yoyote. Anayetuma fedha nyumbani kila mwezi azungumze na wazazi kabla ya kuacha kazi, waelewe kwamba kwa kipindi hicho kiasi anachotuma kitapungua, na wakubaliane. Ratiba nyingine mbili hazigusi kipato sana. Kwa zote tatu, mwenye kipato kidogo aliyeko Marekani aangalie mpango wa AAMC wa kusaidia ada, ambao hupunguza gharama za usajili na kutoa mazoezi rasmi bila malipo. Aombe kabla ya kujisajili, kwa sababu msaada huo haurudishi fedha zilizokwisha kulipwa. Video za MCAT za Khan Academy (tovuti ya masomo), zilizoandaliwa kwa ushirikiano na AAMC, ni za bure.

Kalenda ya maombi

MCAT hufanyika Januari, kisha kuanzia Machi hadi Septemba, na matokeo hutoka baada ya mwezi mmoja hivi. Maombi ya vyuo vingi vya M.D. vya Marekani huanza kupokelewa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na vyuo vingi huyashughulikia kadiri yanavyowasili, hivyo aliyewahi ana nafasi nzuri zaidi. Miezi mitatu ya kiangazi humaliza Agosti au Septemba, na matokeo yake huja yakiwa yamechelewa kwa mwaka huo lakini mapema sana kwa mwaka unaofuata. Miezi sita inayoanza Novemba humaliza Aprili, na mwaka unaoanza Mei humaliza Aprili inayofuata. Zote mbili zinafika kwa wakati. Chagua kwanza mwezi utakaoomba chuo, kisha hesabu kurudi nyuma.

Kila ratiba inamfaa nani

Miezi mitatu inamfaa mwenye likizo tupu, aliyemaliza masomo ya msingi ya sayansi karibuni, anayesoma Kiingereza kirefu bila kuchoka. Miezi sita inamfaa mwenye kazi au masomo yenye mpangilio usiobadilikabadilika, anayeweza kulinda siku tatu za wiki. Mwaka unamfaa mwenye majukumu ya kila siku asiyoweza kuyaacha, aliyeacha bayokemia miaka mingi iliyopita, au ambaye CARS yake iko chini sana kuliko sayansi zake, mradi tu awe mtu wa kutunza mazoea madogo.

Mwongozo kulingana na hali

Ikiwa hujui uanzie wapi, fanya kwanza mtihani mmoja wa majaribio ukiwa bado hujasoma chochote. Ukiona sayansi ziko vizuri lakini CARS ndiyo inayokuangusha, usichague miezi mitatu. Ukiona ni kinyume chake, miezi mitatu au sita itakutosha.

Ikiwa zamu zako hupangwa upya kila wiki, hata miezi sita itakusumbua. Omba mwajiri akupe siku moja isiyobadilika, na kama haiwezekani, panga mwaka kwa kuhesabu saa za wiki badala ya siku.

Ikiwa uliwahi kufanya mtihani na alama zikawa chini, usirudie ratiba ileile kwa nguvu zaidi. Jiulize kilichopungua: maarifa, usomaji, au mazoezi ya siku nzima. Kama ni mazoezi tu, wiki nane hadi kumi zenye mitihani kamili zinaweza kukufaa kuliko kuanza upya.

Ikiwa una watoto wadogo na mwenza anayeweza kukusaidia, changanya ratiba: miezi saba ya saa chache za alfajiri kwa ajili ya kadi na CARS, kisha wiki nane ambazo mwenza anabeba siku moja nzima ya kila wiki na wewe unakwenda maktaba ya umma.

Na ikiwa uko Kanada na umesoma kwa Kifaransa, kama walivyo wengi waliotoka Kongo au Burundi, angalia vyuo unavyovitaka kabla ya kupanga lolote. Laval, Montréal, Sherbrooke na Ottawa havidai MCAT, na McMaster huangalia alama ya CARS peke yake. Anayelenga McMaster tu anaweza kuziacha saa nyingi za kemia na fizikia, akazihamishia zote kwenye vifungu viwili vya kila siku.